Mafuta ya kupima ya mia tano: mlaji wa kwenye vitabu vya uchumi anaishi mtaa gani?

#1 Mzee wa Kipimo (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Kwangu, kama kwa majirani wengi hapa Mbagala, mafuta ya kula hayanunuliwi, yanapimwa. Mchana mtoto anakwenda dukani na mia tano na kikombe, jioni tena. Mwezi uliopita nikapata wazimu wa kutaka kujua hiyo mia tano ni kiasi gani hasa. Nyumbani kuna chupa ya kunyonyea ya kitinda mimba wetu, ina mistari ya mililita ubavuni. Kwa wiki nzima, kila kipimo kilichotoka dukani kilipita kwanza kwenye chupa hiyo ndipo kikaenda jikoni. Wastani: mililita 70.

Fanyeni hesabu. Lita moja kwa vipimo vya mia tano inatoka shilingi 7,100 na ushee. Duka hilohilo, rafu ya juu kidogo, ipo chupa ya lita moja kwa 5,500. Sisi tunatumia kama lita nne na robo kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi namwachia Mangi, mwenye duka, karibu elfu saba ya bure. Hapo sijagusa sukari ya robo, sabuni ya kipande wala mkaa wa kopo.

Nimesoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Mwalimu wetu alituandikia ubaoni kwamba mlaji ni mtu anayejua anachotaka, anayeweza kulinganisha vitu vyote vilivyo mbele yake, asiyejipinga (akipenda chai kuliko kahawa, na kahawa kuliko uji, basi chai ataipenda kuliko uji), halafu kwa hela aliyonayo anachagua kitakachomridhisha kuliko vyote. Michoro yote ya ugavi na mahitaji tuliyokariri imesimama juu ya kichwa cha mtu huyo.

Sasa mtu huyo anaishi mtaa gani? Maana mimi nimekwenda shule, hesabu naijua, na nimepima mafuta kwa miaka tisa. Na kabla hamjaniambia ni umaskini, nisomeni vizuri: 5,500 siku nyingi ninayo.

Karibuni.

#2 Kombo wa Kona

Yaani mkuu umemfanyia Mangi ukaguzi kwa chupa ya mtoto. Naweka kambi hapa.

#3 Saidia Fundi

Wewe unayo 5,500, hongera. Mimi nikitoka saiti na elfu kumi kuna nauli ya kesho, unga, dagaa, mafuta, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu moja, na mtoto anadaiwa hela ya mtihani. Nikibeba chupa ya 5,500 leo, usiku tunalamba mafuta bila ugali. Hiyo siyo kukosa akili. Wanaosema maskini hajui hesabu hawajawahi kuigawa elfu kumi mara sita.

#4 Mwalimu Mstaafu

Saidia Fundi amesema kwa mistari michache kile nilichokuwa nakifundisha wiki mbili, na sina uhakika kama wanafunzi wangu walinielewa kama nilivyomwelewa yeye.

Niondoe kwanza dhana moja inayoharibu mijadala ya namna hii. Wachumi wakisema mlaji ana mantiki, hawasemi kwamba ni mjanja, bahili, mbinafsi au mpenda vya bei rahisi. Nadharia haikuulizi unapenda nini. Ukitaka kutumia mshahara wote kununua kofia, ni juu yako. Inachodai ni msimamo: usije leo ukachagua kofia ukaacha viatu, kesho kwa hela ileile na bei zilezile ukachagua viatu ukaacha kofia, halafu useme hujabadilika. Mchumi Paul Samuelson tangu 1938 alitaka tuache kabisa kuchungulia ndani ya kichwa cha mtu, tumsome kwa anachokichukua dukani.

Pili, mchumi mwingine, Milton Friedman, alilijibu swali la mleta uzi mwaka 1953. Alitumia mfano wa mchezaji hodari wa biliadi, sisi tuseme pool. Ukitaka kubashiri mpira utakwenda wapi, mchukulie kana kwamba anapiga hesabu za pembe na kasi. Hajui hata hesabu moja kati ya hizo, lakini ubashiri wako utakuwa sawa. Kwa Friedman, nadharia inapimwa kwa ubashiri wake. Kama watu kweli wanafikiri hivyo, hilo si la kuuliza.

Na kuna hoja ya mchumi Gary Becker, ya 1962, ambayo naipenda zaidi kwa sababu ni ya kikorofi. Chukua watu elfu moja wasiofikiri kabisa, wanaookota vitu dukani kama waliofungwa vitambaa machoni, kila mmoja ana elfu mbili. Sukari ikipanda bei, wastani wao watanunua sukari kidogo kuliko jana. Kwa nini? Kwa sababu elfu mbili haifiki tena ilikokuwa inafika. Mchoro wa mahitaji unashuka vilevile, na hakuna hata mmoja mwenye mantiki. Kwa hiyo mara nyingi tunayempa sifa ni mlaji, kumbe kazi imefanywa na mfuko wake kuwa mdogo.

#5 Mzee wa Kipimo

Mwalimu shikamoo, na asante. Ila ya Becker inanisaidia mimi kuliko wewe. Kama michoro inashuka hata kwa waliofungwa vitambaa, basi kushuka kwake si ushahidi kwamba mlaji wa kitabuni yupo.

Na Friedman naye sawa, tubashiri. Mtu mwenye 5,500 mfukoni, bidhaa haiozi, duka ni lilelile, chupa kubwa ni rahisi kwa lita. Nadharia inabashiri achukue chupa. Mimi sichukui. Miaka tisa.

#6 Daftari la Njano

Swali lako mkuu limeshafanyiwa utafiti, tena hapahapa Tanzania. Brian Dillon, Joachim De Weerdt na Ted O'Donoghue walichukua shajara za manunuzi za kaya 1,493, kila kaya ikiandika kila kilichonunuliwa kwa wiki mbili. Jumla ni manunuzi 48,501. Wakaangalia vitu visivyooza tu: mafuta, sukari, chumvi, mchele na jamii hiyo. Wakakuta kaya ya wastani ingeweza kutumia asilimia 8.7 pungufu kwenye vitu hivyo, bila kupunguza hata kijiko kimoja cha ulaji, kwa kununua kipimo kikubwa kidogo tu. Makala yao ilitoka 2021 katika jarida la World Bank Economic Review.

Kinachonifurahisha ni kwamba walikwenda kuutafuta umaskini wa Saidia Fundi wakaukuta kwa uchache. Hawasemi haupo. Wanasema kwenye kaya hizo kukosa hela mkononi hakuelezi mengi, pengine kwa sababu "kikubwa" tunachokizungumza si gunia, ni kipimo kinachofuata tu. Sababu zilizobaki na nguvu zilikuwa mbili: hofu kwamba kikiwepo kingi kitaliwa haraka, na kukwepa kuombwaombwa.

#7 Mama Zuhura

Mngeniuliza mimi mngeokoa hela ya utafiti.

Mwaka juzi kaka yangu alikuja na dumu la lita tano, zawadi. Kwa vipimo viwili kwa siku, lita tano ni siku 35, nani hajui. Yaliisha siku ya 16. Wiki ya kwanza tulikula maandazi asubuhi, watoto wakakaanga chipsi, dagaa waliokuwa wanachemshwa wakaanza kukaangwa mpaka wanalia. Hakuna aliyeiba. Mafuta yakiwepo, mkono unamimina wenyewe.

Halafu majirani. "Mama amesema umsaidie mafuta kidogo." Utamwambia huna, na dumu anaona limesimama nyuma ya mlango? Ukiwa unapima, kikombe kimegeuzwa, ukisema huna unasema kweli na hujagombana na mtu. Na mimi sisemi kuombana ni kubaya, mwezi wa mvua mume wangu alipougua ni haohao walinilisha. Lakini kuna kusaidiana na kuna kukamuliwa, na dumu halijui tofauti.

Sasa turudi kwenye chupa yako ya mtoto. Dumu lile kwa bei ya dukani wakati huo lilikuwa 26,000. Gawanya kwa siku 16: ni 1,600 na kitu kwa siku. Kwa Mangi natumia elfu moja kwa siku. Wewe baba unahesabu bei ya lita. Mimi nahesabu bei ya siku.

#8 Kombo wa Kona

Mama Zuhura afungiwe, ameumaliza uzi mapema.

#9 Mangi wa Mtaa wa Pili

Nimesoma mpaka hapa nimeona nijitetee, maana naona natajwa tu.

Ndugu mleta uzi, hiyo elfu saba siyo ya bure. Kwenye dumu la lita 20 kuna mafuta yanayobaki kwenye kipimo, yanayobaki kwenye mpira wa kumiminia, yanayomwagika saa mbili usiku duka limejaa. Kupima lita moja mara 14 ni kusimama mara 14. Na kuna daftari. Anayepima kila siku ndiye anayekopa, na katika kumi wanaokopa mmoja atahama mtaa bila kuaga. Bei ya mia tano ina huyo aliyehama ndani yake.

Lakini nitawapa siri moja ya kazi, labda wachumi mtajua pa kuiweka. Mafuta yakipanda bei kwa jumla, sipandishi mia tano iwe mia sita. Siku niliyojaribu, wateja walihamia duka la jirani wiki hiyohiyo. Siku hizi bei inabaki mia tano, ninachogusa ni kipimo, nakata mdomo wa kikombe kidogo. Hajawahi kuja mtu kulalamika. Huyu wa chupa ya mtoto ndiye wa kwanza kumsikia maishani.

#10 Mwalimu Mstaafu

Mangi, hapo umeigusa nadharia kwenye mfupa. Mlaji wa kitabuni anatazama bei kwa ujazo. Wateja wako wanatazama hela wanayotoa. Herbert Simon, aliyepata Nobel ya uchumi 1978, alisema zamani kwamba binadamu hatafuti kilicho bora kuliko vyote, anatafuta kinachotosha halafu anaacha kutafuta, kwa sababu kutafuta nako ni kazi na kichwa kina ukomo. Mia tano imetosha jana, inatosha leo, ya nini kutoa chupa yenye mistari.

Na wanasaikolojia Kahneman na Tversky mwaka 1979 walionyesha kwamba hasara inatuuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyotufurahisha, na tunaipima kutokea pale tulipozoea kusimama. Mia sita inaonekana ni hasara. Mililita tano zilizopungua hazina sura.

#11 Jirani wa Busia

Habari zenu, mimi ni wa upande wa Kenya. Huku kwetu hiyo mnayoita kupima tunaiita kadogo, na kila kitu kina kadogo yake.

Niwaongezee mambo matatu yaliyofanyiwa majaribio huku magharibi mwa Kenya. La kwanza, vyandarua. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliwapa akina mama wajawazito kliniki vyandarua vyenye dawa, kliniki nyingine bure, nyingine kwa bei ndogo. Kutoka sifuri kwenda senti 60 za dola tu, wanaochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Mtu anayepima faida na gharama vizuri hawezi kuacha kinga ya malaria ya mtoto kwa senti 60. Lakini pia waliopewa bure hawakuvichezea, walivitumia kama walionunua. Kwa hiyo si kwamba hawakuvitaka.

La pili, mbolea. Duflo, Kremer na Robinson walikuta wakulima wanaosema watanunua mbolea, na inawalipa, ila msimu wa kuiweka ukifika hela imeshakwenda. Wakawaendea mara tu baada ya mavuno, hela ikiwa bado mkononi, wakawaambia lipa leo tutakuletea bila gharama ya usafiri. Kipunguzo kidogo tu, tena cha muda mfupi, na wengi wakanunua. Mkulima aliyevuna na mkulima wa msimu wa kupanda wana jina moja na kitambulisho kimoja, lakini ni kama watu wawili wasioaminiana.

La tatu ndilo linamhusu Mama Zuhura. Dupas na Robinson tena, 2013: waliwapa watu sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo wanakaa nao wenyewe. Akiba ya mambo ya afya ikapanda kwa asilimia 66. Sanduku halina riba, halina chochote. Wengine walipewa la ufunguo usio mikononi mwao, hela ya afya peke yake, na waliofaidika nalo zaidi ni wale wanaoombwa sana na ndugu na marafiki.

#12 Saidia Fundi

Sanduku la chuma lenye kufuli si kibubu hicho? Bibi yangu alikuwa nacho cha mbao, hakina ufunguo, mpaka nyundo. Angepewa Nobel.

#13 Kichwa Ngumu

Naona mnapigiana makofi, wacha niwamwagie maji.

Mama Zuhura akinunua kidogo mnasema ana mantiki, anahesabu bei ya siku. Angenunua kingi mngesema ana mantiki, anahesabu bei ya lita. Vijana wanaocheza mkeka wa kubeti kila Jumamosi, atakuja mtu aseme wananunua matumaini, hicho ndicho kinachowaridhisha. Mlevi ana mantiki, anapenda pombe. Nadharia isiyoweza kukosea hainiambii kitu. Ni kama mganga: ukipona dawa imefanya kazi, usipopona ulivunja mwiko.

Nataka jambo moja. Nipeni kitu ambacho kikitokea mtakubali mmeshindwa.

#14 Mwalimu Mstaafu

Kichwa Ngumu, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na wenzangu wengi wa kazi huikwepa kwa kuchora mchoro mwingine.

Nikuanzishie na viroba. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba, yaani pombe kali za vipaketi vidogo, kuanzia Machi 1, 2017. Mlaji wa kitabuni hawezi kuumizwa na paketi ndogo, kwa kuwa mwenye uchaguzi zaidi hawi na hali mbaya zaidi. Akitaka ndogo atachukua ndogo, asipotaka ataiacha. Serikali iliamua kinyume, kwamba udogo wenyewe ni mtego. Sasa tazama kwa Mama Zuhura udogo ni breki. Mafuta madogo yanamzuia, pombe ndogo inamvuta mwenzake. Kwa nadharia ya kawaida, vyote viwili havipaswi kuwezekana. Mtu asiyejiogopa hana haja ya breki wala hanasi mtegoni.

#15 Mzee wa Kipimo

Kichwa Ngumu, nadhani ninacho kitu chako, na kipo nyumbani kwangu, nimekipita kila siku bila kukiona. LUKU.

Nilipokuwa napanga Buguruni tulikuwa vyumba sita mita moja. Hakuna aliyewahi kutia zaidi ya elfu mbili. Umeme ukikata usiku kila mtu anajifanya amelala, anasubiri mwenzake achoke. Nimejenga chumba na sebule, nina mita yangu: natia elfu kumi, wakati mwingine elfu ishirini. Na kumbukeni kwenye LUKU ukinunua nyingi hupati punguzo lolote la uniti.

Yaani mtu mmoja, kichwa kimoja, kipato kilekile. Kwenye mafuta ambako kununua kingi kunalipa, nanunua kidogo. Kwenye umeme ambako hakulipi, nanunua kingi. Ukinipima kwa bei peke yake mimi ni kichaa. Ukiuliza nani anaweza kukifikia kitu nikishakinunua, ninaeleweka mara moja: uniti haziji kuombwa na kikombe.

Na hapo kipimo chako kipo. Kama ni ujinga wa hesabu, ningekosea kwenye vyote. Kama ni umaskini, nisingetia elfu kumi. Mngenikuta kwenye mita ya peke yangu bado natia elfu moja moja, hoja yangu ya kuombwa imekufa.

Kwa hiyo mimi sasa siamini kwamba kosa la kitabu ni kutuona tunajua kuhesabu. Kuhesabu tunahesabu, Saidia Fundi anahesabu kuliko mhasibu. Kosa ni neno "mlaji" kuwa moja. Kitabu kinamweka peke yake, hana jirani, hana watoto, na kesho ni yuleyule wa leo. Mafuta yangu yananunuliwa na mtu wa jioni anayemlinda mtu wa kesho asubuhi, ndani ya nyumba ya watu watano yenye mlango usiofungwa. Mpe huyo chupa ya lita, bei ya lita itashuka na bei ya siku itapanda.

#16 Kichwa Ngumu

LUKU nimekubali. Hiyo ya watu wengi ndani ya mtu mmoja bado naichunguza, ina harufu ya mganga. Ukishaongeza watu wa kutosha ndani ya kichwa, hakuna kisichoelezeka.

#17 Daftari la Njano

Ila Mzee, hujasema upande wa hofu ya kula haraka. LUKU yako ya elfu ishirini haiishi mapema?

#18 Mzee wa Kipimo

Inaisha. Pasi na redio kutwa. Hapo umenishika.

#19 Mama Zuhura

Mleta uzi, nunua hiyo chupa ya 5,500, weka chumbani chini ya kitanda. Mtoto aendelee kutumwa na kikombe, mchana na jioni, ila atumwe chumbani. Mia tano nayo atoe, iingie kwenye kibubu. Ulete majibu.

#20 Mzee wa Kipimo

Mrejesho, siku ya tisa.

Siku tano za kwanza mambo yalikwenda vizuri kabisa, mililita 140 kwa siku, chupa ya mtoto shahidi. Kibubu kikafika 5,000, ingawa mama watoto alikataa kukitoza chumba chetu hela siku ya Ijumaa, kasema ni uchawi, nikamlipia mimi.

Siku ya sita mtoto wa jirani amekuja na kikombe. Hakubisha sebuleni. Alinyoosha moja kwa moja mlango wa chumbani.